Njia Niliyoifagia

3 Agosti

Kwa mdogo wangu,

Nina miaka themanini na moja na meno kumi na manne, yote yangu, sikuazima. Nimewazika kaka zetu wawili. Nimeushinda ukame ule wa watu kula mizizi, nimewashinda nzige, nimeshinda mabwana shamba sita waliokuja hapa na mabuti yao ya mpira kunifundisha kushika jembe, nimezika na mbwa wanane. Basi ukiona mwandiko unatetemeka usidhani naogopa kitu. Kalamu ni mbovu.

Sisi hatujambo, ila wifi yako alianguka mwezi wa tano akavunjika nyonga. Hatembei. Analala kile chumba kilichopakana na jiko, maana ndicho chenye dirisha. Anakusalimu sana. Mbuzi amezaa mapacha. Jirani mwenye mashine ya kusaga bado yu hai, kwa bahati mbaya.

Miaka ambayo hatujaandikiana tusiihesabu. Anwani yako nimepewa na bwana shamba mpya, huyu wa saba, anasema alisoma chuo ulichokuwa unapika, na kwamba maharage yako yalimpitisha mtihani. Huyo huyo alisimama shambani kwangu akaniambia, "Mzee, udongo wako unaondoka." Nikamwambia udongo wangu hauna miguu. Akanipeleka kunionyesha korongo, kama vile mimi ni mgeni hapa!

Korongo nalijua. Lilianzia kule chini karibu na kisima, upana wa kiganja, ukiwa wewe bado upo. Sasa ng'ombe akiingia humo huoni pembe. Na linapanda. Kila masika linakula kuelekea juu, kuelekea nyumba. Nimepima kwa miguu yangu toka mdomo wake hadi ukuta wa jiko: hatua arobaini. Mwaka jana zilikuwa sitini na tatu.

Bwana shamba anasema dawa ni kupanda kitu kinachotambaa, kifunike ardhi yote, mvua isipate pa kuipiga. Alitaja fiwi, yale maharage ya kutambaa. Nilimfukuza. Nilimtupia na gunzi. Wewe unalijua shamba langu. Watu wananiita Mzee Ufagio na mimi naitika. Mabua nachoma, majani nang'oa, kisha nafagia, ukiangusha sindano unaiokota. Katika mteremko huu wote hakuna shamba safi kama langu, hata wanaonichukia wanasema.

Sikuombi kitu. Nakuarifu tu, kwa sababu nyumba hii aliijenga baba yetu sote. Wifi yako anasema akilala anasikia udongo ukidondoka. Namwambia ni panya.

Na usinipigie simu kwa jirani. Masikio yake ni makubwa kuliko hiyo simu.

Ni mimi kaka yako.


29 Agosti

Kaka yangu, shikamoo.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili ikabidi nikae. Pole sana kwa wifi. Mwambie namwombea, na mwambie ile kanga aliyonipa siku naondoka bado ninayo. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, kupanda ngazi nahesabu kama mtoto. Mwanangu amepandishwa kazi hospitalini, sasa ni muuguzi mkuu wa zamu, ananiamrisha hata mimi. Anamsalimu mjomba wake asiyemjua.

Kaka, usimtupie tena mtu gunzi. Anachosema bwana shamba nimekiona kwa macho yangu miaka ishirini na mitano. Dirisha la jiko letu pale chuoni lilitazama uwanja wa mafunzo. Kila mwaka mwalimu wa udongo alikuwa anaweka masinia matatu ya bati, ameyainamisha kama mlima wetu. La kwanza lina udongo mtupu, umefagiwa vizuri. La pili, udongo uliofunikwa mabua makavu. La tatu, fiwi imeota imetambaa juu yake. Chini ya kila sinia anatega chupa. Kisha anachukua debe la matundu, anamwaga maji sawasawa. Chupa ya kwanza inajaa uji wa kahawia. Ya pili inakuwa kama chai ya rangi. Ya tatu, kaka, unaweza kunywa. Wanafunzi walikuwa wanacheka na kupiga makofi. Mimi nilikuwa nikikwaruza sufuria na kutazama ile chupa ya kwanza, naliona shamba letu linaingia ndani ya chupa.

Na si kuzuia maji tu. Majani yakioza yanakuwa chakula cha udongo. Minyoo inarudi. Udongo unakuwa laini, unashikana, ukiubana mkononi unabaki na umbo.

Nimekushonea mbegu za fiwi ndani ya foronya. Zipande mvua za kwanza, usingoje masika.

Najua kwa nini shamba lako ni tupu. Hatujawahi kulizungumza na sitaki tulianze leo. Ila masika hayajui habari zetu, na mke wako hawezi kukimbia.

Mdogo wako.


10 Oktoba

Kwa mdogo wangu,

Mzigo ulifika. Salamu za kanga nilizifikisha, wifi yako akalia, sijui kwa nini, nikampa maji. Katika mapacha wa mbuzi mmoja amekufa. Nyonga haijapona. Ya wifi yako, si ya mbuzi.

Wiki tatu sikuufungua mzigo wako. Niliutundika kwenye boriti juu ya meko, nautazama unanitazama. Jirani wa mashine alipouona akaniuliza, "Mzee Ufagio, umeanza kufuga popo?" Nikamwambia hizo ni mbegu za fiwi, zimetoka kwa mdogo wangu wa kike. Akanyamaza. Na yule mtu hajanyamaza tangu azaliwe. Naona anakumbuka.

Wewe unaandika kama mtu anayekaa juu ya saruji. Majani ya kutambaa ni godoro, na mwenye kulala humo unamjua, simtaji. Ardhi ikiwa tupu naiona yote toka mlangoni. Panzi akiruka namwona. Yule atembeaye kwa tumbo akipita, namwona kabla hajaniona. Ndiyo maana ya ufagio wangu, kama ulikuwa hujui. Miaka thelathini na minane hajakatiza mbele ya mlango huu. Leo unataka nimtandikie!

Lakini juzi, jua kali, bila tone la mvua, kipande cha ukingo ukubwa wa kitanda kilianguka chenyewe. Sasa ni hatua thelathini na moja. Wifi yako alisikia, na sikuweza kusema ni panya. Akaniambia, "Mume wangu, wewe unaogopa kinachoweza kuja. Mimi naogopa kinachokuja." Tangu avunjike amekuwa mtu wa maneno.

Nitapanda. Si kwa ajili yako. Niandikie namna ya kupanda, maana bwana shamba akiniona sasa anapita njia ya mbali.

Kaka yako.


2 Novemba

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima. Naandika haraka iwahi gari la posta.

Usichome mabua safari hii, yalaze chini. Chimba mashimo kwa kukata mteremko, yaani mstari uende kama mkanda kiunoni, usishuke kama suruali. Mbegu mbili kila shimo, hatua moja toka shimo hadi shimo. Zikianza kutambaa zielekeze kwenye mdomo wa korongo. Mpaka mwezi wa pili ardhi isionekane.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote: usiache mahali popote patupu panaposhuka moja kwa moja. Hata upana wa mlango. Maji ni kama mbea, yakipata upenyo mmoja tu yote yanapitia hapo hapo.

Mbusu wifi.

Mdogo wako.


28 Novemba

Kwa mdogo wangu,

Kama uliniandikia, haijafika. Sanduku la posta ni la shule, shule imefungwa, na ufunguo mwalimu mkuu ameondoka nao. Basi nilipanda kwa akili yangu, nayo haijawahi kuniangusha.

Fiwi imeota. Haijapata kuota hivi mahali popote. Mistari yangu imenyooka kama uzi wa fundi cherehani, watu wanasimama barabarani kutazama. Jirani anasema nimempiga bwana shamba gunzi kisha nikamwibia maneno. Nikamjibu mbona yeye anasaga mahindi asiyolima. Nimezunguka nyumba yote, juu na chini, hadi ukutani, maana wifi yako alikuwa anapiga kelele dirishani, "Na hapo! Na hapo pia!" kama msimamizi wa barabara.

Ila nimetumia akili ya utu uzima. Nimeacha njia. Upana hatua tatu, toka barabara ya juu, inapita mbele ya mlango wetu, inashuka moja kwa moja hadi mdomo wa korongo, ndipo inapinda kwenda kisimani. Naifagia asubuhi na jioni. Haina hata kijiti. Kitu chochote kikitaka kutoka kwenye fiwi kuja mlangoni lazima kivuke pale, nami nitakiona. Nimeweka kigoda mlangoni, panga magotini. Wifi yako anauliza namlinda nani. Namwambia nyamaza ulale.

Majani yakitikisika nainua panga. Ni upepo. Mara nyingi ni upepo.

Kaka yako.


6 Januari

Kaka, shikamoo. Wifi, pole na maumivu.

Ziba hiyo njia!

Samahani, nimesahau hata kukuambia hali zetu. Sisi wazima. Kaka, barua yangu ya mwezi wa kumi na moja hujaipata? Nilikuandikia usiache upenyo hata mmoja, na wewe umeacha mfereji toka barabarani hadi mlangoni, na toka mlangoni hadi kwenye korongo. Umeufagia na kuufagia! Maji yote ya mlima yakikataliwa na fiwi yatakwenda wapi? Panda humo leo. Mbegu zikiwa zimekwisha, laza mabua, laza magogo, laza hata milango.

Jana nilikaa na kalamu hii kutwa nzima. Kuna jambo nimelikalia miaka yote, nikidhani ukimya ni heshima. Fiwi ile niliipanda mimi. Nilikuwa nimerudi kwenu toka kwa mume, sina kitu, nikapanda ule mteremko ili nisionekane mzigo. Mwanao akaumwa mguu akafia humo, umri wake miaka saba. Uliniambia mbele ya watu wote waliokuja kuzika, "Ni majani yako." Niliondoka wiki ile ile na sijawahi kukujibu. Mpaka leo nikipika maharage ya aina yoyote, mikono inakuwa ya baridi.

Kwa hiyo usifikiri nilipokushonea zile mbegu sikuwa naogopa. Kila mshono niliona miguu yake.

Nimelipa, kaka. Kama ilikuwa deni, nimelilipa kwa miaka yangu. Sasa ziba njia, mke wako asije akafa kwa ajili ya hofu yetu.

Mdogo wako.


4 Machi

Kaka, shikamoo.

Miezi miwili huna neno. Redio imesema upande wenu mvua ni kubwa kuliko miaka yote. Nilimpigia jirani wa mashine, simu inaita haipokelewi. Kama nimekuudhi kwa yale niliyoandika, niudhi na wewe, nitukane, lakini niandikie. Nasikia maji kila nikifunga macho.

Mdogo wako.


2 Aprili

Kwa mdogo wangu,

Tuko hai wote wawili. Naanza na hilo kwa sababu huna magoti ya kusoma ukiwa umesimama.

Barua yako ya Januari ilinifikia mapema tu. Niliisoma. Sikuziba njia. Nilisema moyoni, mwanamke wa mjini atanifundisha maji yanavyoteremka? Na kuna lile jambo uliloliandika. Nilikunja barua nikaiweka chini ya kigoda, nikaikalia.

Mvua ilianza tarehe ishirini na nne Februari, mchana, saa nane, wifi yako alikuwa anakula. Kwanza nilicheka. Ilipiga fiwi kama mawe juu ya bati, na fiwi haikujali. Chini ya majani maji yalikuwa yanatoka polepole, masafi, kama mtu anayetoka msikitini au kanisani bila haraka. Nikamwita wifi yako nimweleze, shamba langu limeshinda mvua. Akasema, "Na huo mlio ni wa nini?"

Ulikuwa wa njia yangu. Maji ya barabara yote yalikuwa yamegeuka kuingia humo. Hayakukuta jani, hayakukuta kijiti, mwenyewe nilikuwa nimefagia asubuhi. Yalipita mbele ya mlango rangi ya ile chupa yako ya kwanza, magotini, kisha mapajani. Huko chini nikaona mdomo wa korongo unapanda, mdogo wangu. Udongo unakatika kama mkate, vipande vinaanguka, linasogea, linapanda njia yangu moja kwa moja kama limeitwa. Pembeni, penye fiwi, ukingo umesimama. Haukumeguka. Lilikula pale tu nilipolisafishia.

Ukuta wa jiko ulitoa ufa, mkono unapita. Nyumba ina mlango mmoja, na mlango unafunguka kwenye njia. Nilimbeba wifi yako mgongoni, nikamfunga kwa shuka, amebaki mifupa na maneno. Kwenda juu kwa njia haiwezekani, maji yangetusomba. Pamebaki kukata pembeni, kwenda kwa jirani, hatua thelathini, zote fiwi, inanifika magotini. Jirani alikuwa ng'ambo anapunga mikono, "Pita kwenye majani, mzee! Pita!"

Nilikanyaga maji hatua mbili nikafika ukingoni mwa majani. Nikasimama.

Sikuweza. Nakuambia wewe peke yako. Mimi mwenye kushinda nzige, nimesimama na mke wangu mgongoni, nyumba ya baba yangu inapasuka nyuma yangu, na mguu hauinuki kwa sababu ya majani ya maharage. Mkojo ulinitoka. Mvua ilinisitiri.

Wifi yako akaniambia sikioni, taratibu kabisa, "Siku ile ulimtuma mtoto. Leo nani ataingia badala yako? Ingia mwenyewe, au nifungue uniache hapa."

Nikaingia.

Sikukimbia, nilikuwa napapasa kwa nyayo. Kila hatua nilikuwa nangoja jino. Nilichokanyaga kilikuwa baridi na laini, na hakikuteleza. Nyumba inakwenda, lakini udongo wa humo umenishika mguu kama mkono wa mtu. Hatua thelathini. Hakuniuma yeyote. Jirani alinipokea akaanza kulia yeye, mimi sikulia, nilimwambia afunge mdomo.

Jiko limekwenda. Chumba chake kimekwenda, na kitanda. Vyumba viwili vya mbele vimesimama, hatua nne toka ukingoni. Masika yamebakiza wiki sita kwisha. Tunalala kwa jirani, na kila mvua ikinguruma wifi yako ananishika mkono na mimi namwachia.

Njia nimeiziba. Bwana shamba alikuja, hakuleta neno la gunzi, akaniletea mbegu. Nimelaza mabua na magogo ya kukata maji, katikati nimepanda fiwi kwa mikono yangu miwili, nimepiga magoti humo humo ndani ya majani ya zamani. Nilitetemeka siku nzima, nikapanda siku nzima. Anasema mizizi ikishika kabla ya mvua kubwa nyingine, huenda. Hakusema ndiyo. Alisema huenda.

Sasa jibu la barua yako. Nimengoja mpaka mwisho kwa sababu nilitumaini karatasi itakwisha.

Asubuhi ya siku ile nilishuka kwenye fiwi yako kunoa jembe. Nikaona gamba la nyoka. Jipya, lina unyevu, nene kama mkono wangu. Kifutu. Nilitoka humo mbio, mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, na jiwe la kunolea nikaliacha. Nilipofika mlangoni niliona aibu kurudi kulichukua na niliogopa kurudi kulichukua. Mwanangu alikuwa anacheza pale. Nikamwambia, "Kimbia kaniletee jiwe langu, wewe una miguu myepesi." Gamba sikulitaja. Ukilitaja gamba, watu watauliza mbona hukwenda mwenyewe.

Kisha mbele ya waombolezaji nikasema ni majani yako.

Huna deni. Hukuwahi kuwa nalo. Miaka yote nilifagia, watu wakasema usafi, wewe ukasema majonzi, na mimi nikaacha mseme.

Shahidi wa haya yote yuko mmoja. Wifi yako alikuwa mlangoni anapepeta mahindi, alinisikia nikimtuma mtoto, na alikuwa ameniona nikitoka kwenye fiwi mbio. Amekaa na hilo ndani ya nyumba yangu miaka thelathini na minane, akanipikia, akanifulia. Njoo umuulize mwenyewe. Hajui kuandika, na kwa jambo hili usiuamini mkono wangu.

Kaka yako.